Modeli za majengo ya reli

Modeli za majengo ya reli ni mifano midogo ya majengo yanayohusiana na usafiri wa treni, kama vile stesheni, ghala la mizigo, karakana, tangi la maji au nyumba za wafanyakazi. Hutengenezwa kwa kufuata vipimo vya majengo halisi na kwa kawaida huwekwa kando ya reli ndogo juu ya meza, pamoja na treni, miti na watu wa kiasi kilekile. Wengi hufanya kazi hii kama burudani. Hata hivyo, modeli iliyopimwa vizuri, pamoja na picha zake, ni pia kumbukumbu ya jengo ambalo huenda likabadilishwa au kubomolewa.

Skeli

Skeli ni uwiano kati ya modeli na kitu halisi, sawa na skeli ya ramani. Skeli inayotumika zaidi duniani ni HO, yaani 1:87. Nchini Uingereza wengi hutumia OO (takriban 1:76), na penye nafasi ndogo hutumika N (1:160 katika nchi nyingi). Katika skeli ya 1:87 mlango wenye kimo cha mita 2.1 huwa na milimita 24, na mtu mzima wa mita 1.65 huwa na milimita 19.

Tanzania ina reli za geji tatu, na kila moja hupata upana wake katika modeli ya 1:87:

- Reli ya Kati na matawi yake, milimita 1,000: huwa milimita 11.5
- TAZARA, milimita 1,067: huwa milimita 12.3
- Reli ya kisasa (SGR), milimita 1,435: huwa milimita 16.5

Kwa kuwa reli ndogo za milimita 12 na 16.5 hutengenezwa viwandani, ya kwanza hutumika kwa Reli ya Kati na TAZARA, na ya pili kwa SGR. Huko Kidatu, ambako Reli ya Kati na TAZARA hukutana, tofauti ya milimita 67 hulazimu mizigo kuhamishwa kutoka behewa hadi behewa. Katika modeli tofauti hiyo haifiki hata milimita 1.

Historia

Treni za kuchezea zilikuwepo tangu karne ya 19. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha mjini Leipzig reli za kuchezea zenye upana uliosanifishwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili kampuni kama Faller, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1946, zilieneza majengo ya kuunganisha nyumbani.

Wengine walijenga kwa kupima majengo halisi. Roye England, mzaliwa wa Australia aliyehamia Uingereza, aliona nyumba za kale za vijijini zikipotea, akaanza kuzihifadhi kwa njia ya modeli. Kazi yake ilizaa Makumbusho ya Pendon, yaliyoanzishwa mwaka 1954. Humo nyumba hujengwa kwa kadibodi katika skeli ya 1:76, zikionyesha hali ya miaka ya 1920 na 1930.

Nchini Marekani, John Allen alijulikana kwa picha za reli yake ndogo, Gorre & Daphetid. Alifariki Januari 1973, na siku chache baadaye moto uliteketeza sehemu kubwa ya modeli hiyo. Leo inajulikana hasa kwa picha alizopiga mwenyewe.

Mfano wa Kilosa na Mikumi

Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 wakati wa utawala wa Kijerumani, ukafika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Kutoka Kilosa kuna tawi linaloelekea kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 100. Katika 1:87 tawi hilo lingehitaji zaidi ya kilomita 1. Kwa hiyo mjenzi huchagua: stesheni moja, ghala moja na nyumba chache za kijiji, kama zile za matofali ya kuchoma na mapaa ya bati zinazoonekana katika kata za Wilaya ya Kilosa kama Mabwerebwere. Milima huchorwa kwenye ubao wa nyuma.

Eneo hili linaonyesha pia kwa nini kumbukumbu zinahitajika. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliharibu vibaya njia ya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Tangu mwaka 2024 treni za abiria za SGR husafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma kupitia Kilosa, zikitumia stesheni mpya. Jengo la zamani likikosa abiria, huweza pia kukosa matunzo.

Kupima jengo halisi

Kabla ya kupima au kupiga picha inafaa kuomba ruhusa kwa mkuu wa stesheni, na kutosimama kwenye njia ya treni. Urefu na upana hupimwa kwa futi kamba. Kimo kisichofikika hupatikana kwa njia mbili:

- Kuhesabu mistari ya matofali. Mistari 10 hupimwa pamoja na chokaa yake, kisha hesabu hufanywa kwa ukuta mzima.
- Kulinganisha vivuli. Kijiti cha mita 1 kikitoa kivuli cha sentimita 50 juu ya ardhi tambarare, jengo ambalo kivuli cha ncha yake kiko mita 3 kutoka chini ya ncha hiyo lina kimo cha mita 6.

Kila ukuta hupigwa picha ukitazamwa moja kwa moja, na fimbo yenye alama za sentimita ikiegemezwa ukutani. Fimbo ikiwekwa mbele ya ukuta itaonekana kubwa kuliko ilivyo na vipimo vitapotoka.

Kujenga

Vipimo hugawanywa kwa skeli na kuchorwa kwenye karatasi ya grafu. Kuta hukatwa kwa kadibodi ngumu, na madirisha hutobolewa kabla ya kuta kuunganishwa kwa gundi. Bati hutengenezwa kwa karatasi ya alumini iliyokandamizwa juu ya kitu chenye mifereji. Migongo ya bati la kawaida huachana kwa takriban milimita 76, hivyo katika 1:87 huachana kwa chini kidogo ya milimita 1. Rangi ising'ae. Vumbi jekundu na kutu huigwa kwa unga wa chaki za rangi.

Kupiga picha modeli

Picha iliyopigwa kutoka juu huonyesha kitu cha kuchezea. Kamera ikishushwa hadi macho ya mtu wa modeli, karibu milimita 18 juu ya ardhi katika 1:87, jengo huonekana kama halisi. Simu hufaa kwa sababu lenzi yake ni ndogo. Ikigeuzwa juu chini, lenzi hukaribia ardhi zaidi.

Tatizo kubwa ni kwamba kitu kilicho karibu huonekana wazi na cha mbali hufifia. Kamera yenye tundu la lenzi linalorekebishika huwekwa tundu dogo, juu ya stendi, na kupewa muda mrefu wa mwanga. Njia nyingine ni kupiga picha kadhaa zikilenga umbali tofauti, kisha kuziunganisha kwa programu ya kompyuta.

Taa kuu iwe moja na iwe mbali, kwa kuwa jua ni moja na vivuli viwili hufichua udanganyifu. Kilosa iko karibu na latitudo 7 kusini, ambako jua la saa sita mchana hupita utosini karibu na mwanzo wa Machi na katikati ya Oktoba. Wakati huo kivuli cha paa hufunika kuta. Ili kuonyesha milango na madirisha, taa huwekwa chini zaidi, kama jua la asubuhi au la alasiri.

Kutunza kumbukumbu

Modeli yenye manufaa kwa wengine huambatana na maandishi yanayotaja jina la jengo, tarehe ya kupima, skeli, vipimo vilivyopimwa na vile vilivyokadiriwa. Nakala za picha na michoro hutunzwa mahali tofauti na modeli, kwa kuwa kadibodi huharibiwa na moto, unyevu na mchwa.