Joto Lisiloonekana: Kutoka 1800 Hadi Droni za Garissa

Kwa shosho, stima ya sola ilianza kufifia. Fundi akaja, akaangalia paneli, akasema iko fiti, akatuuzia betri mpya. Bado giza. Fundi wa pili hakuangalia tu, aligusa nyuma ya paneli. Sehemu moja ilikuwa inachoma! Shida ilikuwa hapo wakati wote, ni vile macho hayaoni joto.

Sasa skiza historia. Mwaka 1800, kule Uingereza, mtaalamu wa nyota William Herschel alipitisha mwanga wa jua kwenye kioo cha pembe tatu, rangi zikatawanyika. Akapima joto la kila rangi. Halafu akaweka kipimajoto nje kidogo ya nyekundu, mahali hakuonekani kitu. Hapo ndipo palikuwa moto zaidi. Miale hiyo ndiyo tunaita infraredi, na kila kitu chenye joto huitoa.

Ruka hadi 1954. Bell Labs, Marekani, Daryl Chapin, Calvin Fuller na Gerald Pearson wakaonyesha seli ya silikoni iliyogeuza karibu asilimia 6 ya nguvu ya jua kuwa stima. Ndiyo babu ya paneli ya shosho.

Hizo hadithi mbili zimekutana hewani. Seli ikipasuka, au ikifunikwa na kinyesi cha ndege, inaacha kutoa stima na kuanza kuila ile ya wenzake. Inapata moto. Droni yenye kamera ya infraredi ikipita juu jua likiwa kali, hiyo seli inaonekana kama doa linalong'aa.

Kwani mtu hawezi kutembea akikagua? Piga hesabu. Shamba la sola la Garissa, megawati 50, lilizinduliwa Desemba 2019 na lina paneli zaidi ya 200,000. Sekunde 30 kwa kila moja, masaa nane kwa siku, ni zaidi ya siku 200. Na hilo jua la Garissa mnalijua.

Tusidanganyane, kazi ya kutembea hiyo mistari itapungua. Lakini droni haibadilishi paneli wala haikazi waya. Bado fundi anahitajika.

Maoni yangu ni haya: wengi wetu tunalilia droni na kulalamikia leseni ya KCAA, ambayo kanuni za 2020 zinadai. Kurusha ni sehemu ndogo. Pesa iko kwa kusoma ile picha: kujua doa hili ni uchafu wa kupanguswa, lile ni seli iliyokufa. Herschel hakuwa na droni. Alikuwa na vipimajoto na swali zuri.

Kwa hivyo kabla ununue droni, jifunze stima kwanza. La sivyo, utakuwa fundi wa kwanza wa shosho, tofauti ni kwamba wewe unapaa.