Mtaro wa Mill Hill

Yawezekana nyumba yako umeipaka rangi na ua umeufagia, lakini ng'ambo ya ukuta pana kiwanja kilichoachwa: nyasi zimefika kimo cha mtu, nyumba haina paa, mtaro umejaa takataka. Siku unapotaka kuuza, mnunuzi hutazama kwako mara moja na kwa jirani mara mbili. Je, una haki gani? Swali hili ni la kale, na mojawapo ya majibu yake mashuhuri lilitokana na majani yaliyoziba bomba.

Mill Hill ni kitongoji cha kaskazini mwa London. Huko ndiko yalikokuwa makao ya Shirika la Mtakatifu Yosefu, wale tunaowaita Mapadri wa Mill Hill, waliofika Uganda mwaka 1895 wakafanya makao Nsambya, na mwaka 1902 wakaanzisha chuo cha Namilyango. Kando ya ardhi yao ya Uingereza palikuwa na mtaro. Mwaka 1934 mamlaka ya eneo hilo ililaza bomba ndani yake bila kuwaomba ruhusa. Wavu wa kuzuia majani ulipaswa kusimama mbele kidogo ya mdomo wa bomba. Mafundi wakauweka juu ya bomba lenyewe, mahali usipozuia chochote. Bruda aliyesimamia usafishaji wa mtaro aliliona bomba hilo. Karibu miaka mitatu ikapita. Aprili 1937 mvua kubwa ilinyesha, bomba likaziba, na maji yakafurika bustani ya jirani.

Jirani akashtaki. Utetezi wa wamisionari haukuwa wa kipuuzi: bomba hawakulilaza wao, wala hawakumruhusu aliyelilaza. Mahakama mbili ziliwakubalia. Lakini mwaka 1940 Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa nchini humo, lilitengua hukumu hizo. Mwenye kumiliki ardhi akijua, au akipaswa kujua, kwamba hapo pana kero, kisha akaiacha bila kuchukua hatua za kadiri, huhesabiwa kuwa ameiendeleza, hata kama ilianzishwa na mtu mwingine. Wavu ule ungeweza kurekebishwa kwa gharama ndogo tu.

Usishangilie upesi, hata hivyo. Mwaka 1610 Mwingereza mmoja, Aldred, alimshtaki jirani aliyejenga banda la nguruwe karibu na nyumba yake. Alishinda kwa sababu ya uvundo. Katika kesi hiyohiyo ilielezwa kwamba mandhari ya kupendeza ni starehe tu, na anayeipoteza hana dai. Ndiyo kusema, kuta zilizochakaa na rangi iliyobambuka, hata zikikupunguzia bei, peke yake hazikupi kesi. Lazima kitu kivuke mpaka: maji, harufu, moshi, mizizi, tofali linaloanguka. Mpaka huu unauma, nakiri. Lakini pasipokuwa nao, tajiri angemshtaki maskini kwa kosa la kuwa na nyumba ya udongo.

Uganda iliipokea sheria ya Kiingereza mwaka 1902, na maamuzi kama hayo bado hutajwa mbele ya majaji wetu. Zaidi ya hapo, Sheria ya Afya ya Umma huzipa mamlaka za mitaa uwezo wa kumtaka mwenye mahali aondoe kero inayohatarisha afya. Njia hiyo ni nafuu kuliko wakili.

Zingatia kwamba kesi ya Mill Hill ilisimama juu ya jambo moja: bruda alijua. Jirani yako, huenda anaishi mji mwingine, atasema hakujua. Basi anza kwa salamu na mazungumzo. Asiposikia, mwandikie barua yenye tarehe, ueleze ni maji gani yanaingia wapi, ubaki na nakala, na mwenyekiti wa LC1 ashuhudie inapokabidhiwa. Fanya hivyo kabla ya mvua za Machi.