Waraka Utokao Kifungoni: Kutoka kwa Liyongo hadi Sauti ya Dhiki

Barua ya mfungwa huwa na wasomaji wawili. Wa kwanza ni askari jela aifunguaye na kuikagua. Wa pili ni yule aliyekusudiwa. Hivyo mwandishi hana budi ama kuandika yale tu ambayo askari atayaridhia, ama kutafuta njia ya kumpita. Fasihi ya Kiswahili imelijua tatizo hili tangu zamani.

Katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 na kutungiwa utenzi na Muhammad Kijuma wa Lamu mwaka 1913, mfungwa hatumi karatasi. Waraka wake ni beti anazompa kijakazi Saada azifikishe kwa mama yake: aoke mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa uliotiwa tupa ndani. Walinzi waliila ile mizuri, wakamwachia mfungwa ule dhalili. Jibu la mama likapita mikononi mwao bila kutambuliwa, na kelele za ngoma zikafunika mlio wa tupa ikikata minyororo. Ni dhahiri basi kwamba waraka wa kifungoni haukamiliki kwa kutungwa tu. Unahitaji mjumbe mwaminifu, na mpokezi ajuaye kuufumbua.

Masharti hayo yalirudi katika Kenya huru. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa na mfuasi wa chama cha Kenya People's Union, aliandika mwaka 1968 kijikaratasi kilichoitwa *Kenya: Twendapi?* Kwa sababu hiyo alifungwa kuanzia 1969 hadi 1972, sehemu kubwa ya muda huo akiwa ametengwa na wenzake. Alitunga mashairi yake kwa siri, akiyaandika juu ya karatasi za chooni, nayo yakatoka nje kwa siri vilevile. Mwaka 1973 yalichapishwa kwa jina la *Sauti ya Dhiki*. Mwaka 1974 diwani hiyo ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi.

Kati ya waraka wa Liyongo na huu wa Abdilatif ipo tofauti kubwa. Liyongo aliomba chombo cha kumtoa. Abdilatif hakuomba kutolewa. Hata pale anapotumia fumbo, kama katika shairi la "Mamba", lengo lake si kutoroka bali ni kushuhudia kwamba msimamo wake haujabadilika. Wala mpokezi wake si mama peke yake. Ni umma mzima ulioulizwa mwaka 1968 unakokwenda.

Kwa hiyo mwanafunzi anayezihesabu mizani na vina vya diwani hii, kisha akaishia hapo, ameukagua waraka kama askari jela. Hajaupokea bado.