Niliipenda Sauti, Jina Sikulijua

Juma hili naomba tuiache siasa na bei ya sukari, tuzungumze juu ya muziki. Usidhani nimekosa la kusema. Katika muziki kuna haki na dhuluma, kuna deni na malipo, kama ilivyo katika mambo mengine yote ya watu. Na mimi leo nataka kulipa deni la zamani kidogo.

Mwaka 1986 nilikuwa kijana wa sekondari, Magomeni, Dar es Salaam. Nilikuwa na kaseti moja niliyoithamini kuliko viatu vyangu. Ilikuwa kaseti ya kunakili, iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine iliyonakiliwa vilevile, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino neno moja tu: FRANCO. Hapakuwa na jina la wimbo, wala mwaka, wala mtu mwingine. Kwa hiyo kila sauti iliyotoka mle ndani, nene na nyembamba, niliihesabu kuwa ya Franco. Kila gitaa lilikuwa la Franco. Hata saksafoni, nadhani, ningeapa kuwa ni yeye anayeipuliza.

Siku moja redio yetu ya kaseti ilianza kutafuna utepe, nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaani, mzee aliyekuwa na meza yake chini ya mwembe. Alipomaliza kusafisha kichwa cha redio akaitia kaseti yangu kuijaribu. Ulikuwa unapigwa wimbo uitwao Mabele. Mimi, kwa kutaka kujionyesha kwamba nami ni mjuzi, nikamwambia, "Fundi, hakuna duniani anayeimba kama Franco."

Yule mzee akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, huyo si Franco. Huyo anayeimba ni Sam Mangwana, na wimbo si wa Franco pia. Ametunga Simaro. Kumbe siku zote unampenda mtu usiyemjua hata jina!"

Niliona aibu, nikaondoka. Lakini maneno yale hayakuniacha, na ndiyo yaliyonifungulia mlango ambao hadi leo sijamaliza vyumba vyake.

Tuanze na huyo Franco mwenyewe. François Luambo Makiadi alizaliwa tarehe 6 Julai 1938 huko Sona-Bata, akakulia Leopoldville, mji ambao leo tunauita Kinshasa. Mama yake alikuwa muuza maandazi sokoni. Gitaa alifunzwa na jirani yao, Paul Ebengo, maarufu kwa jina la Dewayon. Mwaka 1953, kijana wa miaka kumi na mitano, aliingia katika studio ya Loningisa, mali ya mfanyabiashara wa Kigiriki, na huko akashikwa mkono na mpiga gitaa Henri Bowane. Juni 1956 yeye na wenzake wakaunda OK Jazz, jina lililotokana na baa walimokuwa wakipiga. Tazama basi: hata kabla hajawa mkubwa, nyuma ya jina lake palikuwa na Dewayon na palikuwa na Bowane. Mkono mmoja haulei mwana.

Bendi hiyo ikakua hata ikawa na wanamuziki zaidi ya thelathini. Franco mwenyewe sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya mtu anayesimulia au anayegomba. Zile sauti za juu, zinazokutoa machozi bila kujua maneno ya Kilingala, zilikuwa za watu wengine aliowachagua yeye. Nadhani hapo ndipo ulipo ukubwa wake ambao hausemwi sana. Mtu mwingine mwenye jina kama lake angeogopa kusimama pembeni ya mwimbaji mzuri kuliko yeye. Franco hakuogopa.

Baada ya maneno ya fundi nikaanza kumtafuta Sam Mangwana. Nikagundua kuwa alizaliwa Kinshasa mwaka 1945, wazazi wake wakiwa watu wa Angola, na kwamba alianza kwa Tabu Ley Rochereau, mpinzani mkubwa wa Franco. Alipohamia OK Jazz mwaka 1972 mashabiki wa Tabu Ley walimwita msaliti. Sisi tunaojua Simba na Yanga hatuhitaji kuelezwa zaidi. Miaka michache baadaye akaondoka tena, akaenda Abidjan, na huko mwishoni mwa miaka ya 1970 yeye na wenzake wakawa African All Stars. Mwaka 1982 akarudi kwa Franco kurekodi santuri waliyoiita Cooperation. Kwa hiyo huyo msaliti wa pande zote alikuwa, kwa kweli, daraja la pande zote.

Nami nikapita juu ya daraja hilo. Upande mmoja nikamkuta Tabu Ley, ambaye nilikuwa nimeapa kutomsikiliza kwa kuwa kaka yangu alisema mtu hawezi kuwa na mabwana wawili. Kumbe mwaka 1983 mabwana wenyewe walikuwa wameshakaa studio moja wakarekodi pamoja, Franco na Tabu Ley! Na katika nyimbo walizorekodi mwaka huo umo mmoja wa kumkumbuka Joseph Kabasele, Grand Kallé, aliyefariki Februari mwaka huohuo. Wapinzani wawili wanamlilia mzee wao pamoja. Nilipousikia nikauliza: na huyu Kabasele ni nani? Nikaambiwa ndiye aliyeongoza African Jazz, ndiye aliyekwenda Brussels Januari 1960 wakati wanasiasa wa Kongo wakijadili uhuru, na huko wakapiga Indépendance Cha Cha. Katika msafara ule walikuwamo Vicky Longomba na Brazzos, watu wa OK Jazz! Yaani hata wimbo wa uhuru ulipigwa na watu wa bendi mbili zilizokuwa zikishindana kila Jumamosi. Na kwa Kabasele nikampata Docteur Nico, mpiga gitaa ambaye vidole vyake sijaona mfano wake.

Upande wa pili wa daraja ulikuwa Abidjan. Katika African All Stars alikuwamo Lokassa ya Mbongo, na alikuwamo Syran Mbenza. Nikamfuata Syran hadi Paris, ambako mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye, Bopol, Wuta Mayi na Nyboma waliunda Quatre Etoiles, yaani Nyota Nne. Nikapagawa na sauti ya Nyboma. Nikauliza alikotoka, nikaelekezwa Lipua Lipua, moja ya bendi zilizokuwa chini ya Verckys Kiamuangana. Na Verckys ni nani? Ni yule mpiga saksafoni wa OK Jazz wa miaka ya 1960 aliyemwacha Franco akaenda kujitegemea! Na Wuta Mayi naye? Mwimbaji wa zamani wa OK Jazz. Nilizunguka Abidjan na Paris, nikajikuta nimerudi palepale chini ya mwembe.

Wakati naendelea na safari hiyo, tarehe 12 Oktoba 1989, Franco alifariki huko Namur, Ubelgiji. Alikuwa na miaka 51. Nilikisikia kifo chake redioni, na kwa siku kadhaa nilihisi kama muziki wote umekufa. Rafiki zangu wengi walisema hivyohivyo: basi, hapatakuwa na mwingine. Lakini mimi nilikuwa na faida moja ambayo wao hawakuwa nayo. Nilikuwa najua majina.

Nilijua kwamba yule kijana anayejibizana na Franco katika Mario, wimbo wa 1985, anaitwa Madilu System. Wimbo ule unamsema kijana msomi anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri, nao ulipendwa mno hata jina likaingia katika Kiswahili chetu. Leo Dar es Salaam mwanamume wa namna hiyo anaitwa marioo, na wengi wanaolitumia neno hilo hawajui kuwa walirithi kwa Franco. Basi nilimfuata Madilu peke yake, nikapata Ya Jean, na nikampenda kwa haki yake mwenyewe hadi alipofariki Agosti 2007. Nilijua pia jina la Simaro Lutumba, aliyeitwa Mshairi, mtunzi wa Mabele na Maya. Bendi ilipovunjika mwishoni mwa 1993 kwa kutoelewana na familia ya marehemu, Simaro na wenzake waliunda Bana OK, nami nikawafuata. Simaro aliondoka duniani Machi 2019.

Nilijua jina la Papa Noel, mpiga gitaa aliyekuwa akisimama nyuma. Kwa kumfuata yeye nilifika mahali nisipopategemea: Cuba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alirekodi na Papi Oviedo, mpigaji wa tres, kile kigitaa cha Wacuba, santuri iitwayo Bana Congo. Na hapo pia duara likafunga. Kwani sahani za Kicuba, zile za alama ya GV, ndizo zilizoletwa Afrika tangu miaka ya 1930, zikasikilizwa Leopoldville na watoto ambao baadaye wakawa kina Franco. Miaka hiyohiyo ya 2000 Papa Noel, Syran, Nyboma na Wuta Mayi walikaa pamoja katika kundi la Kekele, rumba ya magitaa makavu bila kelele. Watu niliowapata kwa njia mbalimbali, katika miaka mbalimbali, nikawakuta wamekaa meza moja kama walionisubiri.

Desemba 2021 shirika la UNESCO liliiandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Ni heshima kubwa. Lakini urithi hauandikwi kwa jina la mtu mmoja.

Sasa, ndugu msikilizaji, nirudi kwa yule fundi, maana nilisema nina deni.

Miaka ilipita. Siku moja, baada ya Franco kufa, nilimpelekea kaseti ya bendi moja ya hapa nyumbani, nyimbo zilizokuwa zikipigwa sana redioni nilipokuwa mtoto. Nilitaka aisafishe. Akaisikiliza ameinamisha kichwa, na ulipofika mchezo wa magitaa, mkono wake wa kushoto ukaanza kutembea juu ya ukingo wa meza. Vidole vilikwenda sawasawa na gitaa la rithimu, havikuwahi wala havikuchelewa. Nikamwuliza, "Fundi, wimbo huu unaujua sana?"

Akasema, "Naujua. Hilo gitaa la pili ni langu."

Nilikuwa nimeusikiliza wimbo ule tangu nikiwa na miaka sita. Nilimjua mwimbaji, nilimjua kiongozi wa bendi. Huyu aliyeubeba wimbo mgongoni alikuwa ananitengenezea redio, na mimi nilikuwa namlipa kwa kumpunja. Nikamwuliza mbona hakuwahi kusema. Akajibu kwa upole, "Mtangazaji alitaja bendi na mwimbaji. Mimi ningesimama wapi niseme?" Kisha akanirudishia kaseti. Siku ile alikataa pesa yangu.

Mzee yule amekwishafariki. Katika mazishi yake walisema alikuwa fundi hodari na jirani mwema, na yote mawili ni kweli. La gitaa hakuna aliyelitaja. Mimi nilikuwapo, nami sikusimama. Hilo ndilo deni langu.

Nalisema leo kwa sababu hali imekuwa mbaya zaidi. Zamani walau santuri ilikuwa na jalada, na mwenye macho aliweza kugeuza nyuma akasoma: gitaa fulani, besi fulani, mtunzi fulani. Leo muziki wote uko ndani ya simu, na simu inaonyesha jina moja na picha moja. Kijana anaweza kuwa na nyimbo elfu mfukoni, akawa kama mimi na kaseti yangu ya kalamu ya wino: anapenda sauti za watu asiowajua.

Basi juma hili nakupa kazi ndogo. Chukua wimbo unaoupenda kuliko yote, wa Kongo au wa hapa kwetu, uulize: nani anapiga gitaa humu? Nani ameutunga? Anayeitikia nyuma ni nani, na huyo mtu alikwenda wapi baadaye? Ukipata jina moja, lifuate. Nakuhakikishia hutaondoka mikono mitupu, kwani mwanamuziki mkubwa huacha njia nyingi zinazotoka nyumbani kwake. Na kama huyo unayemtafuta yu hai, na yuko mtaani kwako akiuza mkaa au akitengeneza redio, mwendee umwambie. Usingoje msiba.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Tukijaliwa, tukutane juma lijalo.