Keroka Ichimbe Bomba Gani la Majitaka?

Gavana akizindua lami, picha zinajaa kwa simu zetu siku nzima. Bomba la majitaka likizikwa, hakuna mtu hupiga selfi nalo. Lakini leo nipeni dakika tatu tuongee historia ya choo huku kwetu Gusii, juu hii maneno itatufikia sote.

Waingereza walifungua kituo chao hapa 1907, pale Getembe. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani kwa wazungu. Mwaka uliofuata Otenyo akamdunga Northcote mkuki, hiyo stori mnaijua. Ile hatusimuliwi ni kwamba mji ulikua bondeni, mto Nyakomisaro ukipita katikati, na uchafu wa vilimani lazima uteremke huko. Baadaye Kisii ikapata bomba na kituo cha kusafisha majitaka kule Suneka, lakini mji ulikimbia mbele ya bomba. Ploti nyingi bado zinategemea choo cha shimo, ama tangi na lori la kunyonya.

Nyamira ilipotolewa kwa Kisii ikawa wilaya, ilipata ofisi na vibao. Bomba la majitaka haikupewa. Kaunti ikaja 2013, na bado mji uliendelea na mashimo.

Zamani shimo halikuwa shida, boma zilikuwa mbalimbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya 950 kwa kila kilomita moja ya mraba Kisii. Choo cha jirani kiko juu ya kilima, chemchemi yenu iko chini. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu.

Sasa chukua Keroka. Mji mdogo, mpakani, kaunti zote mbili zikigombania ushuru wake. Ichimbe bomba gani?

Mtindo wa kawaida ni bomba nene chini ya barabara, linalozidi kwenda chini ndani ili maji yateremke yenyewe. Vilima vinasaidia, mpaka ukutane na mwinuko. Hapo unaweka pampu, na stima ikipotea, bana, unajua kitakachofuata.

Kuna mtindo wa pili uliojaribiwa Zambia karibu 1960, kabla hata haijaitwa Zambia. Kinyesi kinabaki kwenye tangi la nyumba, maji pekee yanaingia kwa bomba jembamba. Ni rahisi kuchimba, lakini tangi lazima linyonywe. Landilodi wangapi hungoja mpaka lifurike?

Mimi nashikilia ule wa Brazil. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika mji wa Natal, mhandisi José Carlos de Melo na wenzake walipitisha bomba nyuani kwa watu badala ya barabarani. Kwa sababu lori halipiti juu yake, halihitaji kuzikwa sana, na upana wa milimita 100 unatosha. Majirani wa mtaa mmoja walikaa chini, wakakubaliana lipite wapi. Mukuru, Nairobi, pia wameufuata mtindo huo.

Shida yake huku si uhandisi, ni shamba. Sisi ni watu wa kupelekana kortini kwa sababu ya mstari wa miti. Utamwambia nani bomba la choo cha jirani lipite nyuma ya jikoni yake? Ndiyo maana wazee na akina mama wa mtaa waitwe kabla ya kontrakta, na makubaliano yaandikwe, ploti kwa ploti.

Halafu kuna zile kaunti mbili. Mto Gucha unaanzia vilima vya Kiabonyoru, Nyamira, kisha unateremka hadi Kegati, ambako maji ya mji wa Kisii husafishwa. Wakikaa tena kugawana ushuru wa soko la Keroka, majitaka yawe ajenda ya kwanza, ushuru ufuate.