Usawiri si Uwakilishi

Wahakiki wa filamu wanaoandika kwa Kiingereza hutumia neno moja kwa mambo mawili: kuwapo kwa kundi fulani la watu ndani ya filamu, na namna kundi hilo linavyochorwa. Sisi tunayo maneno mawili. Uwakilishi tumeuzoea katika siasa, kuanzia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar hadi viti maalumu vya wanawake bungeni, na kwa kawaida huhesabika. Usawiri ni neno la wahakiki wa fasihi; nani aliyesoma Kiswahili chuo kikuu asiyekutana na tasnifu ya usawiri wa mwanamke? Tukija kwenye filamu, tunaliita kila kitu uwakilishi, na hoja hupotelea hapo.

Chukua Mildred Pierce ya mwaka 1945, iliyoongozwa na Michael Curtiz. Ni filamu ya aina ambayo wahakiki wa Ufaransa waliipa jina la rangi nyeusi: uhalifu, vivuli, nafsi zenye hatia. Tukisema “filamu nyeusi”, msomaji atadhani ni filamu za watu weusi, na hao ndio hasa waliokuwa adimu humo. Bora tuziite filamu za giza. Nyingi ziliwafanya wanawake mitego ya kuwanasa wanaume. Hii inamweka mwanamke katikati: Mildred, mama aliyeachana na mumewe, anasimulia maisha yake kituo cha polisi baada ya mauaji. Joan Crawford alipata Oscar kwa nafasi hiyo.

Ndani yake yumo Lottie, mtumishi wa ndani, aliyeigizwa na Butterfly McQueen. Jina la McQueen halikuandikwa kwenye orodha ya waigizaji. Anayehesabu atasema mwanamke mweusi yumo, na uanuwai upo, kwa maana ya mchanganyiko wa watu. Hesabu yake ni sahihi, lakini haijagusa usawiri.

Mildred anafanya kazi ya uhudumu mgahawani na kuwaficha wanawe. Binti yake, Veda, anaigundua sare ya mama na kumvisha Lottie, ili mama aone haya. Tukio zima limejengwa juu ya dhana moja: sare ile mwilini mwa Mildred ni fedheha, mwilini mwa Lottie ni jambo la kawaida. Hakuna anayemuuliza Lottie anajisikiaje. Filamu inayojua kuzama katika wivu, hatia na mapenzi ya mama hadi kiini cha moyo, kwa Lottie inaishia kwenye sauti yake nyembamba, tena kwa kuchekesha. Kwangu mimi hilo ni kosa kubwa kuliko kukosekana kwa jina lake, kwa sababu filamu ya kisaikolojia kazi yake ni kuingia nafsini mwa mtu, nayo imechagua nafsi za kuingia.

McQueen mwenyewe alichoshwa na nafasi za utumishi akazikataa. Mwaka 1975 alipata shahada ya sayansi ya siasa New York.

Basi, mwandishi wa habari za filamu, ukihesabu waliomo andika uwakilishi. Ukieleza walivyochorwa andika usawiri. Neno hili lisiachiwe walimu wa fasihi peke yao.