Kutoka Bogoria Hadi Kwenye Sabuni

Mwaka 1992 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walikusanya sampuli katika maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa nchini Kenya, likiwemo Bogoria. Maji ya Bogoria ni makali kiasi kwamba samaki hawaishi humo, na ukingoni chemchemi za moto hutokota mchana na usiku. Vijidudu vinavyostahimili mazingira hayo hutengeneza vimeng'enya visivyoharibika ndani ya maji ya sabuni. Viwanda vilikuwa vikitafuta kitu cha namna hiyo.

Watafiti walikuwa na kibali cha utafiti. Lakini vijidudu havikuishia chuoni. Vilifika kwa Genencor, kampuni ya Marekani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS) lilidai fidia hadharani, likisema vimeng'enya vilivyotokana na Bogoria vinauzwa kwa ajili ya sabuni za kufulia na kuchakaza vitambaa vya jinzi, na kwamba lenyewe halikuruhusu biashara hiyo. Kampuni ilishikilia kuwa haikuvunja sheria.

Mgogoro wote ulizaliwa pale sampuli ilipotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Hapo ndipo mkataba wa kukabidhiana sampuli unapohitajika: unataja kinachotolewa, mwenye nacho ni nani, kitumike kwa kazi gani, kama mpokeaji anaweza kumpa mtu wa tatu, na nani atagawiwa nini ikipatikana bidhaa. Kibali cha utafiti hakijibu maswali hayo, na kukichukulia kama ruhusa ya kuuza ni kuwadhulumu wenye mali.

Marekani vyuo vilichoshwa na kujadiliana mikataba hiyo upya kila mara, na mwaka 1995 vikapata mkataba mmoja wa pamoja, uliotangazwa na Taasisi za Taifa za Afya. Uliwafaa wasiofanya biashara. Kampuni ikiingia, mazungumzo huanza upya.

Kenya nayo ilijifunza. Mkataba wa Bayoanuwai, ulioanza kutumika Desemba 1993, ulikuwa umetambua mamlaka ya kila nchi juu ya rasilimali zake za kijenetiki. Mwaka 2006 Kenya ilitunga kanuni za kuzifikia rasilimali hizo na kugawana manufaa yake. Mwaka uliofuata KWS ikatia saini makubaliano na Novozymes ya Denmark, yenye mgao wa mapato na mafunzo kwa Wakenya.

Lakini Waendorois, jamii iliyohamishwa kutoka kandokando ya Bogoria katika miaka ya 1970 kupisha hifadhi, hawakuulizwa sampuli zilipochukuliwa. Februari 2010 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kenya ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya maliasili. Oktoba mwaka huohuo Itifaki ya Nagoya, iliyo chini ya Mkataba wa Bayoanuwai, ilipitishwa, ikitaka ridhaa ya jamii kama hiyo itafutwe kabla rasilimali zao hazijaguswa, pale sheria ya nchi inapowatambua kuwa na haki hiyo.